Mionzi inaanza baada ya siku 19 na bado navuta, kuna faida gani kuacha sasa hivi?

mzee_wa_moshi

Wakuu salaam. Naenda moja kwa moja maana nikizunguka nitashindwa kuandika. Nina miaka 54, nimekutwa na kansa ya koo, kwenye zoloto pale sauti inapotokea. Sauti ilikauka miezi minne nikawa nadhani ni mafua yasiyoisha, kumbe. Wameshakata kipande kidogo cha nyama wakakipima, wameshapiga picha, mpango ni mionzi siku tano kwa wiki kwa wiki saba hivi na kemo katikati. Inaanza baada ya siku 19. Daktari kaniambia sigara niache leo, sio siku ya kuanza mionzi, leo. Nikaitikia sawa daktari, nikatoka nje nikawasha moja palepale ukutani hata getini sijafika.

Navuta tangu nina miaka 17, paketi moja kwa siku, siku mbaya inazidi. Swali langu na naomba msinicheke, hivi kuacha sasa hivi kunasaidia nini? Ugonjwa ninao tayari. Miaka 37 imeshapita, hizo siku 19 zitafuta nini? Akili inaniambia nyumba imeshaungua halafu mtu anakimbia kuficha kiberiti.

La pili ndo la aibu. Nimemwambia daktari nimepunguza hadi nne kwa siku. Uongo. Jana zilikuwa kumi na saba, nimehesabu vichungi kwenye kopo ninaloficha nyuma ya tenki la maji. Mke wangu anajua nimeshaacha. Nikisema ukweli sasa si wataniona mtu wa hovyo, wanirudishe mwisho wa foleni? Aliyepitia haya aniambie ukweli, nasaha za jumla nimeshazisikia.

chalii_mkimya

Shikamoo mzee wangu, pole sana. Mi sina la kitaalam, nakaa hapa nasubiri wenye kujua.

bingwa_mtata

Nitasema wanachoogopa wengine. Mkuu kansa ndo umeshaipata, kujipa arosto, ule mwili kudai sigara, juu ya kansa ni kujiongezea ugonjwa wa pili, na stresi nayo inaua. Babu yangu kavuta hadi miaka 88 na hakufa kwa mapafu. Wewe shusha taratibu, tatu kwa siku, mwili usishtuke. Kuacha ghafla ndo kunaua watu, mi nawajua wawili kabisa waliacha na mwaka haukuisha.

sista_mstaafu

Bingwa, hao wawili wako waliacha kwa sababu walishaanza kuumwa. Mtu anakohoa damu, anaogopa, anaacha, ugonjwa uliokuwepo unaendelea na kazi yake, akifa watu wanasema aliacha sigara ndo ikamuua. Nimelisikia hilo wodini mpaka nimechoka.

Kaka mzee_wa_moshi pole sana. Nimefanya kazi kwenye wodi ya kansa na chumba cha mionzi miaka mingi, sasa nimestaafu, kwa hiyo acha nikujibu swali lako lenyewe maana ni swali zuri na mara nyingi mtu anaambiwa tu acha bila kuambiwa kwa nini.

Siku 19 hazifuti miaka 37, hazikupewa kazi hiyo. Kazi yake ni kuandaa damu yako kwa ajili ya mionzi. Mionzi ikipiga seli ya kansa inachana vinasaba vyake, na oksijeni iliyopo pale ndiyo inayofanya mchano ule usiweze kurekebishika. Seli isiyo na oksijeni inastahimili, inaweza kuhitaji dozi hata mara mbili na nusu au tatu ili ife. Sasa moshi wa sigara una kaboni monoksaidi, gesi ileile inayoua mtu akiacha gari linaunguruma ndani ya chumba kilichofungwa. Inang'ang'ania himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshika. Yaani ukivuta ukiwa njiani kuja kwenye mionzi, umekuja na damu ambayo viti vimeshakaliwa, na oksijeni ambayo mashine inaitegemea imebaki nje. Kizuri ni kwamba gesi hiyo haikai, ukiacha inapungua nusu kila baada ya saa nne hadi sita hivi, siku moja au mbili karibu yote imetoka. Kwa hiyo usinihesabie miaka 37, nihesabie masaa.

Kuna utafiti wa Canada uliotoka mwaka 1993, wagonjwa 115 wa kansa za kichwa na shingo, kundi lako hilohilo. Walioendelea kuvuta wakati wa mionzi, uvimbe uliisha kabisa kwa 45 katika kila 100. Kwa wasiovuta ni 74. Baada ya miaka miwili waliokuwa hai ni 39 kwa 100 upande wa wavutaji na 66 upande wa pili. Unaweza kusema wanaoshindwa kuacha huenda wana na shida nyingine pia, sawa, ila pengo hilo kwangu ni kubwa mno kuliachia bahati.

Na kuna mambo ambayo hayamo kwenye hesabu za kufa na kupona. Utatengenezewa kinyago cha plastiki, kinalainishwa kwa maji ya moto kinabandikwa usoni na shingoni kikiwa vuguvugu mpaka kishike sura yako, halafu kila siku unalala mezani wanakifunga kwenye meza usisogee. Sasa fikiria uko humo ndani na kikohozi cha mvutaji kinakuja. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu mdomo na koo vinaanza vidonda, mate yanakauka, kumeza hata maji inakuwa shughuli. Anayevuta vidonda vinamkalia vibaya na vinachelewa kupona, akishindwa kabisa mionzi inasimamishwa siku kadhaa, na kwa kansa za shingo kusimama katikati ni hasara maana zile seli nazo hazikai bure zikikusubiri.

Kuhusu foleni, hakuna anayetakiwa kukucheleweshea mionzi eti mpaka uache kwanza. Ila ukweli wanauhitaji. Ukisema nne watakupa msaada wa mtu wa sigara nne, wewe ni mtu wa sigara kumi na saba, arosto itakubeba siku ya pili tu halafu utajiona dhaifu kumbe dozi ndo ilikuwa ndogo.

pafu_moja

Nakuja na la kwangu maana mimi ni mwenzio. Kansa ya pafu, nilikatwa kipande cha juu kulia, mwaka wa nne huu. Nilikuwa na wiki tano kabla ya upasuaji.

Siku ya kwanza nilikuwa shujaa. Siku ya pili nilimfokea mtoto kwa sababu alikuwa anavuta kiti sakafuni. Siku ya tatu nilikaa kwenye gari nje ya nyumba dakika arobaini, mikono imeshika usukani, gari halijawashwa, nanusa ule mkono wa kulia, ile harufu iliyojichimbia katikati ya vidole viwili. Naosha, narudi nanusa. Sikudanganyi, siku ya pili na ya tatu ndo kilele, ukivuka hapo inakuja kwa mawimbi, wimbi moja dakika tatu mpaka tano halafu linapita, ukivuta usivute linapita. Hilo hakuna aliyeniambia, mi nilidhani ukiinyima inaongezeka mpaka upasuke.

Kilichoniokoa ni plasta za nikotini, ile ya miligramu 21 ya wanaovuta zaidi ya kumi kwa siku. Ya kwanza niliibandika kifuani kwenye nywele, usiku ikahamia kwenye shuka asubuhi natetemeka sijui kwa nini. Bandika pasipo na nywele, juu ya mkono au kwenye bega, ngozi iwe kavu na isiwe na mafuta, kesho yake hamisha upande maana ukirudia palepale panawasha. Ndoto zitakuwa za ajabu, mi niliota naendesha meli ndani ya nyumba ya shangazi, zikizidi unaibandua ukilala. Na juu ya plasta nilikuwa na chingamu za nikotini kwa yale mawimbi. Chingamu hiyo hutafuni kama za kawaida, unatafuna mara chache ukisikia inawasha unaiegesha pembeni ya shavu, ikipoa unatafuna tena. Ukiitafuna mfululizo unameza nikotini yote, kwikwi na kichefuchefu.

Ule wasiwasi kwamba ukiacha karibu na upasuaji makohozi yanaongezeka unapata shida, daktari wa usingizi aliniambia hana tatizo na hilo, wiki nne au zaidi ndo nzuri kwa kidonda na kifua lakini hata chache ni afadhali kuliko sifuri. Kikohozi kweli kiliongezeka wiki ya kwanza, ni njia ya hewa inaanza kujifagia.

Afu hilo la kwamba umeshachelewa, kuna utafiti wa Urusi ulitoka 2021, watu 517 wenye kansa ya mapafu ya hatua za mwanzo mwanzo, walioacha baada ya kuambiwa wana kansa waliishi wastani wa miezi 21 na ushee zaidi ya walioendelea. Mi hiyo miezi 21 nimeshaitumia, namshukuru Mungu.

sista_mstaafu

Pafu_moja umesema vizuri ila ngoja nirekebishe kimoja kwa ajili ya mwenye swali. Chingamu kwake ni ya hizi wiki za mwanzo tu, mionzi ikishaanza kuchubua mdomo itamuunguza kama pilipili, atahitaji plasta peke yake. Ndo maana aseme mapema wapange. Na asiogope nikotini ya plasta, haina kaboni monoksaidi wala lami, vile vinavyoharibu kazi ya mionzi viko kwenye moshi. Ni wale wanaokwenda kwenye upasuaji wa kuhamisha nyama kutoka sehemu moja kuziba nyingine ndo waulize daktari wa upasuaji kwanza, kwa sababu nikotini inabana mishipa midogo na kipande kilichohamishwa kinaishi kwa mishipa hiyo.

Vidonge vipo pia, vereniklini na bupropioni. Vereniklini unaanza kama wiki moja kabla ya siku ya kuacha na inaweza kuleta kichefuchefu, ukiwa na kemo unapata viwili kwa mpigo. Bupropioni haifai kwa mwenye historia ya kifafa au uvimbe kwenye ubongo, na kinamama wanaotumia tamoksifeni ya kansa ya matiti waseme, inapunguza nguvu ya dawa hiyo. Hizi za daktari, usipewe na jirani.

bingwa_mtata

Haya sista nimekusikia. Swali basi, akihamia shisha? Moshi unapita kwenye maji unachujwa.

sista_mstaafu

Hauchujwi, unapozwa. Kaboni monoksaidi inapita kwenye maji kama kawaida, na kikao kimoja cha shisha kinakupa nyingi kuliko sigara moja, kwa mbali. Na la "tatu kwa siku" ulilosema mwanzo, mtu aliyezoea ishirini ukimpa tatu anazivuta mpaka kichungi kinaungua, anavuta ndani zaidi na kushikilia pumzi. Mwili unajua deni lake.

mke_wa_mgonjwa

Shemeji, mimi niko upande wa pili wa hiyo nyumba yako kwa hiyo naomba nikuambie kitu. Mkeo anajua.

Sijui kama amekubali kujua lakini anajua. Mume wangu alikuwa na kansa ya kibofu, na hiyo nayo watu hawajui kwamba sigara ndo inaongoza kuileta, zile sumu zinachujwa na figo zinakaa kwenye mkojo. Alikuwa ameacha, kwa maneno. Usiku mmoja naamka namkuta chooni, amekunja taulo ameziba chini ya mlango, dirisha wazi, anavuta huku amesimama juu ya kiti ili moshi utoke juu, mtu aliyetoka kwenye kemo jana yake, miguu inatetemeka. Tulitazamana. Nilimfokea mpaka majirani wakawasha taa. Kesho yake akahamia kuvuta kazini, na mimi nikawa nampekua mifuko kama askari. Miezi miwili tuliipoteza hivyo, yeye anaficha mimi natafuta, hakuna aliyekuwa anatibiwa hapo.

Kilichobadilika ni siku daktari alipomuuliza mbele yangu, leo umevuta ngapi, sio umeacha, umevuta ngapi. Akasema tisa. Daktari akaandika tisa kama anavyoandika presha. Mi nilikuwa nasubiri amgombeze, hakumgombeza. Tukarudi nyumbani tukatoa vibiriti na visahani vyote, tukamwomba na mdogo wake anayekaa kwetu awe anavutia mbali na nyumba maana harufu tu ilikuwa inamrudisha. Alianguka mara mbili baada ya hapo, ila alikuwa ananiambia.

mzee_wa_moshi

Nimesoma yote jana usiku, nikasoma tena saa kumi alfajiri. Asanteni. Hiyo ya damu viti vimekaliwa imenikaa kichwani nikienda kuwasha naiona.

Leo nina kliniki. Nitasema kumi na saba.

mzee_wa_moshi

Samahani nimepotea siku tisa, narudisha majibu.

Nilisema. Daktari alinyamaza kidogo akaniuliza unaiwasha ya kwanza dakika ngapi baada ya kuamka, nikamwambia kabla ya kuvaa kandambili, akacheka, akasema basi dozi ya mtu wa sigara nne ingekuwa mzaha. Wakanipulizisha kimashine kinachopima hiyo kaboni monoksaidi kwenye pumzi, unashikilia pumzi sekunde kumi na tano halafu unapuliza mpaka mwisho, ikasoma 26. Nikaambiwa asiyevuta anakuwa chini ya sita au kumi hivi. Nikapewa plasta za 21 na chingamu za kutumia mpaka mionzi ianze, kama sista alivyosema.

Mke nilimwambia jioni ileile. Nilijiandaa kwa ugomvi. Akainuka akaenda nyuma ya tenki akarudi na kopo. Kumbe miezi yote hiyo alikuwa analimwaga yeye. Mi nilikuwa najipongeza kwamba kopo halijai, nikidhani navuta kidogo siku hizi.

Siku ya tatu ilikuwa kama pafu_moja alivyosema, niliomba radhi watu wanne. Siku ya tano nilianguka, mbili, msibani, mtu kanyoosha paketi mkono ukaenda wenyewe. Nilimwambia mke njiani tukirudi na plasta sikuibandua, nimeendelea. Leo siku ya tisa, mashine imesoma 5.

Sista swali moja, moyo unaenda mbio na usiku silali kabisa, nadhani plasta ni kali? Kahawa nakunywa ileile ya siku zote, vikombe vitano.

sista_mstaafu

Hongera kaka. Kabla ya kulaumu plasta angalia hivyo vikombe vitano. Moshi wa sigara unaamsha kimeng'enya kwenye ini ambacho kazi yake moja ni kuvunja kafeini, kwa mvutaji kahawa inaisha mwilini haraka. Umeacha, kimeng'enya kimelala, vikombe vyako vitano sasa vinafanya kazi kama kumi. Kata nusu, na baada ya saa nane mchana usiguse. Ikibaki hivyo siku tatu rudi waangalie plasta. Kimeng'enya hichohicho kinavunja na baadhi ya dawa, zikiwemo dawa fulani za kansa, kwa hiyo waambie tarehe uliyoacha iandikwe kwenye faili, na kama una dawa nyingine yoyote unameza waitazame upya.

Kinyago umeshapimwa?

mzee_wa_moshi

Bado, Alhamisi.

sista_mstaafu

Nyoa ndevu kabla ya Alhamisi na uendelee kuwa umenyoa hivyohivyo mpaka mionzi iishe. Ukipimwa na ndevu halafu ukanyoa katikati kinyago kinalegea, wanakutengenezea kingine. Na meno, umeshaonana na daktari wa meno? Jino bovu litoke kabla ya mionzi, baada ya hapo mfupa wa taya haupendi kuguswa.

mzee_wa_moshi

Meno Jumatano. Ndevu nitatoa kesho, ninazo tangu nina miaka 25, mke anasema ana hamu ya kuona kilichopo chini.